Magunzi Thelathini na Matano

Siku tuliyomzika mume wangu, vijana waliketi nyuma ya hema wakabishana kuhusu rekodi. Jeneza lilikuwa bado sebuleni, mhubiri alikuwa hajafika, na watu waliotoka mbali walikuwa wakinywa chai kwa vikombe vya kuazima. Sikuwakemea. Mmoja wao alishikilia kwamba rekodi kubwa kuliko zote duniani ni ya yule aliyekimbia mbio ndefu kwa muda wa chini ya saa mbili. Mwenzake alimwambia kwamba hiyo haihesabiki, kwa kuwa mkimbiaji alitangulizwa na watu wa kumkingia upepo na alivaa kiatu chenye soli ya ajabu. "Kiatu ndicho kilikimbia, bana," alisema. Akajibiwa, "Si ukivae basi tukuone." Msichana mmoja aliwaambia kwamba wanawasahau wanawake, mwingine akaleta habari za waogeleaji na warukaji, wa tatu akaleta mabao ya wachezaji wa mpira, na kila aliyesema aliinua simu yake kana kwamba simu ni shahidi wa mahakamani. Kisha mmoja wa wajukuu wangu akauliza, kama mtu anayetupa turufu, "Na Kuka je? Magunzi thelathini na tano. Hiyo nani atawahi kuvunja?" Walicheka wote, lakini kwa upendo kwa Kuka, yaani babu yao, na hakuna aliyebisha.

Barasa, mwanangu wa kwanza, ambaye ni mwalimu, alikuja akainama karibu na kiti changu. Aliniarifu kwamba rekodi ya baba imechapishwa katika wasifu atakaousoma, na kwamba akifika hapo ataniomba nisimame, watu wanione, kwa kuwa mimi ndimi niliyeipima. Nilimwuliza kama ni lazima. "Mama, ni heshima yake," akasema. "Usimame tu, hata kama hutasema kitu." Hakujua alichokuwa akiniomba. Rekodi hiyo niliitengeneza mimi kwa hila, nikiwa msichana, na kwa miaka zaidi ya hamsini niliishi nyumba moja na mtu aliyeiamini, bila kumwambia neno. Sasa nilitakiwa kuisimamia kwenye maziko yake. Na nilipoinua macho ili nisimtazame mwanangu, niliona upande wa pili wa hema mzee mrefu aliyeegemea mkongojo, amevaa koti zito kama wanavyovaa watu wa kule juu mpakani, Suam. Nilimtambua kwa namna alivyoishikilia shingo yake. Alikuwa Ndiwa, ambaye sikuwa nimemwona tangu mwaka ule.

Mwaka huo ndio nitakaoueleza hapa. Nilikotoka na waliokuwa wazazi wangu sitaeleza, kwa sababu hayo hayakusababisha lolote. Niliyoyatenda niliyatenda mwenyewe. Nilikuwa nafanya kazi katika shamba kubwa nje kidogo ya Kitale, ambalo mzungu wake alikuwa amekwisha kuondoka na kuliacha mikononi mwa msimamizi. Tuliishi katika laini, safu ya vyumba vya udongo iliyojengwa nyuma ya ghala, na chumba changu nilikigawana na msichana aliyeitwa Nafula. Tulikuwa tumeshona magunia pamoja tukayatundika katikati ili kila mmoja awe na upande wake, lakini gunia halizuii sauti, na hakuna aliloliwaza Nafula ambalo halikunifikia. Dirisha lilikuwa dogo kama mfuniko wa debe. Vumbi la mahindi lilituingia kwenye nywele, kwenye blanketi na kwenye uji, hata tukaacha kulionja. Tulikuwa na sufuria moja. Asubuhi ilipika uji, mchana maharagwe, na jioni Nafula aliitumia kupikia mboga ya mrenda kwa maji ya jivu, akiukoroga kwa utulivu ambao hakuwa nao katika jambo lingine lolote. Hadi leo sijala mrenda mzuri kuliko ule, na hadi leo siwezi kuula bila kuyakumbuka niliyoyafanya.

Kazi yangu ilikuwa kupukuchua mahindi ya mbegu. Mahindi ya kuuza yalipelekwa kwenye mashine, lakini ya mbegu yalipukuchuliwa kwa vidole ili punje zisipasuke. Kabla ya kupukuchuliwa yalichaguliwa, na yote yaliyochaguliwa yalikuwa ya urefu mmoja na unene mmoja, makavu sawasawa. Yaliyonenepa kupita kiasi, yaliyopinda, na yaliyonyeshewa shambani hadi punje zake zikabana kwenye gunzi kama meno, yalitupwa kando ya ukuta kuwa posho. Wanawake wengine waliimba wakaharakisha, kisha wakachoka wakapunguza mwendo. Mkono wangu ulikuwa na mwendo mmoja tu. Msimamizi, mtu mkali aliyevaa saa ya mkononi, alinipima siku moja asubuhi, adhuhuri na alasiri, mahindi kumi kila mara, akakuta muda haukutofautiana. Aliwaambia watu kwamba saa yake huenda ikachelewa, lakini mimi sichelewi. Mimi ambaye sikuwahi kukaa darasani hata siku moja nilijivunia maneno hayo kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Karibu na lango la shamba kulikuwa na hoteli ya Gathogo, mtu wa makamo aliyehamia Trans-Nzoia pamoja na mkewe kutoka upande wa kati wa nchi. Ilikuwa na meza mbili, benchi nne, na redio iliyovishwa kitambaa cha kufuma kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Baada ya kazi ya mchana wanaume walikwenda huko kunywa chai na kula githeri, mahindi na maharagwe aliyoyapika mkewe, na sisi wanawake tulipita kununua chumvi tukachelewa makusudi mlangoni ili tusikilize. Siku hizo wakimbiaji wa nchi yetu walikuwa wameanza kuwashinda watu wa ng'ambo, na redio ilikuwa imewafundisha wanaume wa laini neno rekodi. Walilitumia kwa kila jambo. Waliulizana kama aliye mkuu ni anayekimbia mbio fupi kwa nguvu zake zote au anayekimbia ndefu kwa akili. Kama bondia asiyewahi kuangushwa ana rekodi au ana bahati. Kama mpira wa miguu, unaochezwa na watu wengi, unaweza kumpa mtu mmoja rekodi iliyo yake. Gathogo aliwasikiliza akiwa amekunja mikono, na siku moja akawakata kauli. "Mnapiga kelele juu ya rekodi za watu," aliwaambia. "Nyinyi mko na rekodi gani? Ya kumaliza githeri yangu?"

Maneno hayo yaliwachoma. Walitaka kukimbia, lakini hapakuwa na saa, kwani msimamizi hangeivua yake kwa mchezo. Ndipo mtu mmoja akasema kwamba shamba lina saa, nayo ni mkono wa Nekesa, yaani mkono wangu. Hivyo ndivyo desturi ile ilivyoanza. Njia ya mbio ilikuwa mzunguko wa shamba lote: kutoka mlango wa ghala hadi kwenye josho la ng'ombe, kufuata mto, kupanda kando ya mikaratusi ya mpakani na kurudi ghalani. Mkimbiaji alipoondoka, nilichukua hindi la kwanza. Aliporudi akagonga mlango kwa kiganja, niliacha, na Gathogo aliyahesabu magunzi matupu kwa sauti mbele ya watu wote. Magunzi yakiwa machache, mbio zilikuwa za kasi. Hakuna aliyeiona kuwa ni jambo la kuchekesha. Mtu aliyekimbia kwa magunzi arubaini na mawili aliheshimiwa. Aliyekimbia kwa arubaini alinunuliwa chai.

Waliofika chini ya arubaini walikuwa wawili tu, na wote wawili walikuwa wakamuaji wa ng'ombe. Simiyu alikuwa mtu wa upande wetu wa Bungoma, mwenye maneno mengi na kicheko cha kumfanya hata msimamizi asahau alichotaka kumkemea. Alikuwa amenitamkia kwamba atanioa, na nilikuwa nimekubali kimoyomoyo kabla hajamaliza kusema. Ndiwa alikuwa mtu wa mlimani, mkimya, mrefu, anayekimbia akiwa ameinyosha shingo kana kwamba anasikiliza kitu mbele yake. Aliponitembelea ghalani aliniletea asali kwenye kibuyu kidogo, akakiweka chini bila neno, akaondoka. Hawakuwahi kukimbia bega kwa bega hata mara moja, kwa kuwa mmoja akiwa mbioni mwenzake alipaswa kubaki na ng'ombe. Kwa hiyo ubishi wao wote ulikuwa mikononi mwangu. Mwezi mmoja Simiyu alikimbia kwa thelathini na tisa, mwezi uliofuata Ndiwa naye akakimbia kwa thelathini na tisa, na hoteli ya Gathogo iligawanyika. Wengine waliapa kwamba hindi la mwisho la Ndiwa lilikuwa limebaki nusu, wengine kwamba Simiyu alikutana na ng'ombe njiani. Wao wenyewe hawakugombana. Simiyu alimwita Ndiwa "swara wa mlimani," na Ndiwa alimjibu kwamba heri swara kuliko redio yenye miguu.

Kisha ikaja barua. Msimamizi alitusomea mlangoni pa ghala kwamba Bungoma kutakuwa na siku ya kuwajaribu vijana wa mbio, na kwamba watakaofanya vema wataandikwa askari, wapewe nyumba na sare, wakimbie kwa niaba ya nchi. Kila shamba lilitakiwa kumtuma mtu mmoja tu. Msimamizi hakutaka lawama. Alisema Ndiwa atakimbia Jumanne na Simiyu Jumatano, na atakayekuwa na magunzi machache ndiye atakayekwenda. Jumanne Ndiwa alikimbia kwa thelathini na manane. Nilipukuchua kwa haki. Hilo naweza kuapa mbele ya yeyote. Watu walimbeba begani, na Simiyu, aliyekuwa malishoni, alizisikia kelele zao. Alipokuja jioni alikaa kwenye jiwe la mlangoni petu, akala mrenda wetu bila mzaha wowote, akaondoka kabla ya giza. Nafula alisuuza sufuria akasema kutoka upande wake wa gunia, akidhani anatania, "Shoga, mkono wako ndio utaamua utaolewa kwenye nyumba ya askari ama utazeekea hapa laini."

Asubuhi ya Jumatano nilikwenda ghalani kabla ya wengine, nikatayarisha lundo langu kama nilivyofanya kila siku. Safari hii nilikwenda ukutani, kwenye mahindi ya posho. Nilichagua yaliyonenepa na yaliyonyeshewa, yale ambayo hata kidole gumba cha mwanamume kingeuma, nikayachanganya na yale ya mbegu, chini kidogo ya lundo, mahali ambapo mkono wangu ungefika baada ya mahindi kumi ya kwanza. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilijua ninalolifanya, na nililifanya kwa unadhifu ule ule ambao nilisifiwa nao. Simiyu alipoondoka, watu walisimama kunizunguka kama kawaida, wakautazama mkono wangu, na mkono wangu haukudanganya. Haukupunguza mwendo hata mara moja. Kilichopungua ni mahindi yaliyokwisha, kwa kuwa kila moja la yale manene lilikula muda wa moja na nusu. Alipogonga mlango, Gathogo alihesabu, akahesabu tena. Thelathini na matano. Sikupata kusikia kelele kama zile ghalani, wala sikuzisikia tena baadaye. Ndiwa aliletewa habari malishoni. Alikuja, akachutama, akayahesabu magunzi yote mwenyewe moja moja, kisha akainuka akampa Simiyu mkono. Nilidhani angeutambua unene wa magunzi. Lakini yeye alikuwa mkamuaji. Alijua viwele, hakujua mahindi. Wanawake wenzangu, ambao wangejua, walikuwa wamekwisha kuanza kucheza. Mchana ule nilikusanya magunzi yale kwenye kikapu na kuyachoma yote chini ya maharagwe, na Simiyu alikuja akayala maharagwe hayo akicheka, akiniambia kwamba hakuhisi kuwa amekimbia kasi sana, na kwamba labda ndivyo mtu anavyohisi anapokuwa na nguvu za kweli.

Wengi wetu tulikwenda Bungoma juu ya lori la shamba. Uwanja ulikuwa wa shule, wenye nyasi zilizofyekwa na mistari ya chokaa, na maafisa walikuwa na saa za kupimia zilizoning'inia shingoni. Sikuwa nimeziona saa za namna ile, na niliziogopa. Simiyu alianza mbio hizo kama mtu wa thelathini na matano. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Mkimbiaji huujua mwili wake kwa kipimo alichopewa, naye alikuwa amepewa kipimo cha uongo, basi akaufuata. Katika mizunguko ya kwanza aliwaacha wenzake mbali sana, na watu wetu wakaimba. Mimi sikuimba. Baadaye mabega yake yalianza kupanda, kichwa kikalala upande, na wale wengine wakampita mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama watu wanaompita mgonjwa njiani. Alimaliza akitembea, ameshika ubavu. Afisa mmoja, mtu wa makamo asiye na ubaya, alimwendea karibu na nilipokuwa nimesimama na kikapu cha chakula, akamwuliza, "Kijana, nani alikudanganya kwamba mwendo ule ni wako?" Simiyu, akiwa bado anatafuta pumzi, alijibu, "Hakuna aliyenidanganya, afande. Nilipimwa." Afisa akauliza alipimwa na nani. Simiyu alinielekeza kwa kidevu. "Yule pale," akasema. Afisa alinitazama, msichana asiye na viatu mwenye kikapu cha viazi, akacheka kidogo, akaenda zake. Hapo ndipo ningeweza kusema. Nimeupima muda ule mara nyingi tangu siku hiyo, nao ulitosha.

Juu ya lori, wakati wa kurudi, wanaume waliishitaki saa ya afisa, wakaishitaki nyama aliyokula Simiyu njiani, wakaushitaki uwanja wa nyasi. Hakuna aliyeushitaki mkono wangu. Gathogo, aliyekuwa ametucheka kwa kukosa rekodi, ndiye aliyetoa hukumu: kwamba rekodi kubwa ni ile isiyoweza kuvunjwa, na kwa kuwa hata Simiyu mwenyewe ameshindwa kuifikia tena, basi yake ni kubwa kuliko zote zinazotangazwa redioni. Waliikubali hukumu hiyo kwa sababu iliwafariji. Mwezi uliofuata msimamizi alipata nafasi ya kumtuma mtu mwingine, akamwita Ndiwa. Nilikuwa ndani ya ghala, nikasikia yote. Ndiwa alikataa. "Bwana, kama wa thelathini na matano ameshindwa," alisema, "mimi wa thelathini na manane naenda kufanya nini?" Msimamizi alimsihi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mfanyakazi yeyote. Mimi niliendelea kupukuchua. Kati ya kinywa changu na masikio yao palikuwa na ukuta wa mbao tu, na sikusema, kwa kuwa Simiyu alikuwa amerudi na aibu yake, na niliamini kwamba nikimnyang'anya na yale thelathini na matano hatabaki na kitu. Ndiwa hakukimbia tena. Mvua za kupanda zilipoanza aliaga, akarudi kwao Suam, na niliambiwa kwamba anauza vitunguu kwa watu wanaovuka mpaka.

Simiyu alinioa, tukahamia huku karibu na Kibabii, tukalima. Alikuwa mume mwema na sitaki mtu aseme vinginevyo. Lakini kwa miaka mingi aliamka kabla ya jua akakimbia barabarani, akiitafuta miguu ya siku ile ya Jumatano, na kila aliporudi niliona usoni pake kwamba hakuikuta. Watoto wetu walikua wakimwona hivyo wakadhani ni afya. Alipofika umri ambao wanaume wengine wanasimulia habari za ng'ombe wao, yeye aliwasimulia watoto mambo mawili: fahari ya Kitale na aibu ya Bungoma, na daima aliyaweka pamoja, la kwanza likimwumiza kwa sababu ya la pili. Katika miezi yake ya mwisho, akiwa kitandani, aliniambia asubuhi moja, "Mama Barasa, mimi sijui miguu yangu ilikwenda wapi siku ile." Nilimrekebishia blanketi. Nilijiambia kwamba mgonjwa haongezewi mzigo. Sasa najua kwamba nilikuwa nikijihurumia mimi.

Basi Barasa alisoma wasifu. Alipofika kwenye magunzi, hema lote lilipiga makofi, naye akanigeukia akiwa amenyosha mkono. Nilisimama. Nilimwomba maikrofoni, akanipa akitabasamu. Niliwaambia, "Rekodi hiyo si ya kweli. Siku hiyo nilimchagulia mahindi mabaya ili yachelewe. Yeye hakujua. Na kuna mtu aliyemo humu ambaye nilimdhulumu." Kisha mzee mmoja wa ukoo akasema kwa sauti ya upole kwamba huzuni humfanya mjane ajitwike makosa yasiyo yake, na watu wakaitikia kwa kuguna. Mhubiri alianzisha wimbo. Barasa alinishika kiwiko akanong'ona, "Keti, Mama. Umechoka." Walinikalisha kama mtoto. Baada ya maziko nilipita karibu na wale vijana, nikawasikia wakilichambua jambo lenyewe: mmoja alisema kama mahindi yalikuwa manene, basi hesabu ibadilishwe, mwingine akamjibu kwamba gunzi ni gunzi, na thelathini na tano zitabaki thelathini na tano.

Ndiwa alinikuta jikoni nyuma ya nyumba, ambako wanawake walikuwa wamenikimbizia nipumzike. Waliondoka walipomwona. Hakunipa pole. "Nekesa," aliniita, jina ambalo hakuna mtu aliyeniita bila kuongeza kitu kwa miaka mingi. "Yale yangu thelathini na manane?"

"Yale ni ya kweli," nikamwambia. "Nilipukuchua mbegu tupu."

"Na yeye? Kwa mbegu tupu angekimbia kwa ngapi?"

Hilo sikuwa nimewahi kuulizwa, na ni swali ambalo nimejiuliza tangu Jumatano ile. Simiyu alikuwa na hasira siku hiyo, na mtu mwenye hasira hukimbia vizuri. Huenda angefika thelathini na manane. Huenda angefika thelathini na saba, akamshinda Ndiwa kwa haki, akaenda Bungoma akiujua mwendo wake, na leo ningemzika kama mke wa askari. Au huenda angefika arubaini, akampa Ndiwa mkono, na Ndiwa akaenda. Sikumpa nafasi ya kushinda wala ya kushindwa. Nilimwambia Ndiwa, "Sijui. Niliharibu kipimo, hakuna atakayejua."

Alikaa kwenye kigoda akaulaza mkongojo wake magotini. Wasichana walikuwa wakiosha sahani nje, na tulizisikia zikigongana. Aliniambia kwamba baada ya kurudi kwao, watu walikuja mara mbili kumtaka akimbie, na mara zote mbili aliwajibu kwamba amekwisha kupimwa. Hakulisema kwa kulalamika. Kisha akaniuliza kama Simiyu aliwahi kujua. Nilimwambia kwamba hakujua.

"Basi alikufa akidhani ni miguu," Ndiwa alisema. "Na mimi nimeishi nikidhani ni miguu."

Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimelikusudia, lakini kumwomba wakati ule kungekuwa kumtaka anifanyie kazi nyingine. Nilimpakulia chakula akakataa, akasema gari la kwenda Kitale halitamngoja. Nikajifunga leso nikamsindikiza hadi barabarani. Magoti yake yameharibika yote mawili, na mimi nina mguu unaovimba, kwa hiyo mwendo huo mfupi ulituchukua muda mrefu sana.